Bango Lisilo na Sahihi

Rumonge, 14 Mei 2024

Mwalimu Ernestina,

Amahoro. Usishtuke kupata barua badala ya simu. Nasikia simu yako hushikwa na mama, naye huisikiliza kwa sauti kubwa, na hili ninalotaka kusema sipendi lisikike na wanunuzi wote wa ndagala wa Magara. Halafu mimi ni mtu wa brashi, mkono wangu husema vizuri kuliko mdomo. Zuwena anayekuja huko kuchukua samaki ameahidi kukufikishia bila kuifungua. Ukikuta imefunguliwa, basi angalau imesomwa na mtu mwenye akili.

Huenda umenisahau. Mimi ni Ramazani wa vibao, niliyekuwa na kibanda nyuma ya soko la Rumonge, rafiki wa kaka yako Boaz. Ulikuwa na miaka kumi au kumi na moja, ukija kuniomba makopo matupu ya rangi uchezee kupika. Sasa naambiwa unafundisha na watoto wanakuogopa. Vizuri, mtu aogopwe na mtu.

Ziwa limetuingilia mwaka huu. Maji yalifika mpaka kibandani kwangu, nikaanza kutoa vitu kabla havijaelea, na nyuma ya kabati nikakuta ubao wa triplex niliokuwa nimeugeuzia ukutani tangu uliposhushwa njia panda ya soko. Ni lile bango la mwaka tisini na sita. Unalijua: kijana ameshika bunduki mkono mmoja, mkono wa pili amenyoosha kidole, na chini yake herufi nyekundu, NDUGU, TUNAKUNGOJA. Na kijana huyo ni Boaz.

Hapa kuna dada mmoja anaitwa Anita, ana kituo cha vijana. Vijana wake wanatafuta mabango ya wakati wa vita, wanayachora upya yaseme kinyume cha yaliyosema, kisha wanayapeleka shule kwa shule. Aliposikia ninalo moja hakuniacha nipumue. Nimemwambia siligusi mpaka niombe ruhusa, maana sura ina mwenyewe, na mwenyewe akiwa hayupo, ina mama yake. Nakuomba umuulize mama Kezia kwa njia yako ya mwalimu, polepole.

Nisalimie nyumbani.

Ramazani
(Rama Art: vibao, milango, magari)

*

Magara, 20 Mei 2024

Papa Ramazani,

Amahoro. Barua ilifika na haikufunguliwa. Nakukumbuka vizuri kuliko unavyofikiri. Makopo yako yalikuwa na kutu.

Jibu ni hapana. Sikumuuliza mama, na nitakueleza kwa nini, kwa kuwa inaonekana watu wa Rumonge hamjui.

Tulirudi kutoka Tanzania mwaka 2012. Nyumba yetu ya Rumonge ingepatikana, wakubwa wa mtaa walituambia. Mama alikataa. Kutoka hapa Magara mpaka huko si mbali, gari moja tu mafuta yakiwapo, na kwa miaka kumi na miwili hajakanyaga. Ukimuuliza anasema hali ya hewa ya huko haimfai. Ukweli ni kwamba hawezi kukutana na mama yake Fabiano, wala na wale mama wawili wengine wa avenyu yetu. Vijana wao watatu walilifuata bango. Hakuna aliyerudi.

Boaz hajafanyiwa kuganduka mpaka leo. Wewe ni Mwislamu lakini umeishi nasi, unajua mambo yetu. Msiba haujafungwa mpaka siku ile familia ikae na watu, marehemu azungumzwe, watu wanywe, waendelee na maisha. Na unajua kwamba mkubwa wa ukoo husimama akauliza: iko mutu ana dai kwa marehemu? Mama anaogopa swali hilo tu. Anajua wale mama watatu watasimama, na hawatadai mbuzi wala shamba.

Aliniambia mara moja tu, tukiwa bado kambini: "Mutoto wangu alikaa chini bakamuchora. Alikubali sura yake iite batoto ba watu." Nilimwambia huenda hakukubali. Akanijibu kuwa sura haiibwi kama kuku.

Hivyo liache bango lako liliwe na maji. Na kwa kuwa umesema sura ina mwenyewe, nina swali la mwalimu: mwaka tisini na sita haikuwa na mwenyewe?

Ernestina

*

Rumonge, 2 Juni 2024

Mwalimu Ernestina,

Swali lako limenikaa kooni kama mwiba wa samaki wa mukeke.

Nilikusudia kukutii. Nilisema nimtoe Boaz kabisa, nimwachie Anita bango lenye kijana asiye wa mtu. Nimepaka nyeupe mara tatu, na mara zote tatu asubuhi nimekuta wekundu umepanda juu, herufi zote zinasomeka. Sisi wachoraji tunaijua tabia hiyo, nyekundu ya zamani haikubali kufunikwa. Kwa kawaida tunamwambia mteja ndiyo mtindo.

Nimekaa mbele yake siku kadhaa. Sasa nakuandikia ambalo lingepaswa kuandikwa zamani.

Boaz hakukaa chini nimchore. Mwambie mama hivyo. Mwaka mmoja kabla ya bango nilimchora kwa ajili ya saluni ya kinyozi Mansuri, kwa sababu alikuwa na kichwa kizuri na Mansuri mwenyewe alimchagua. Sura ile niliikata kwenye katoni. Ndivyo tunavyofanya kazi: ukishapata kichwa kizuri unakikata, unakitunza, na kila mteja akitaka kichwa unaweka katoni juu ya ubao na kupitisha rangi, usianze upya. Kichwa cha Boaz nilikitumia kwa saluni mbili, kwa mwuza miwani na kwa tangazo la sabuni. Yeye alikuwa akicheka, anasema akiingia mjini anajiona kila kona.

Wale wapiganaji walipokuja kunitaka niwachoree kijana shujaa, mkono ulikwenda kwenye katoni kwa mazoea. Nikaongeza bunduki. Sikumuuliza. Walikuwa watu wenye silaha, nami nilikuwa na mke na mtoto mchanga, utanielewa.

Basi sura iliibwa kama kuku, na mwizi ni mimi. Mwambie mama, aondoe mzigo huo, afanye kuganduka yake.

Ramazani

*

Magara, 9 Juni 2024

Papa Ramazani,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilitaka kukutukana. Nimeshindwa, na sababu yake sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Bango liliposimamishwa njia panda ya soko, mimi nilikwenda kulitazama kila siku. Niliwapeleka wenzangu wa darasa. Nilijivuna mpaka mwalimu akanikemea. Na Fabiano, aliyekuwa na miaka kumi na sita na ambaye hakuwa na habari na mtu, nilimwambia kwa mdomo wangu: "Kaka yangu anakuita, wewe unaogopa nini?" Alicheka, akanipa kipande cha muwa. Wiki iliyofuata hakuwepo. Nilikuwa mtoto, najua. Nawafundisha watoto wa umri ule kila siku, na kila siku ninawaona wanavyojua wanachosema.

Nimemsomea mama habari ya katoni. Aliendelea kuchambua maharage mpaka yakaisha. Nilidhani atalia au atashukuru. Badala yake aliuliza kitu, na nakiandika kama alivyosema:

"Boaz alijua sura yake iko pale. Siku ya Alhamisi aliniambia anaenda kuona Rama. Alirudi hakula. Rama alimwambia nini?"

Nami nakuuliza hivyo hivyo. Alikuja kwako?

Ernestina

*

Magara, 11 Julai 2024

Papa Ramazani,

Mwezi umepita. Zuwena anasema u mzima, umepaka rangi lori jipya, na unakula vizuri. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi huku tumekaa tunangoja huo mshindo.

Mama ameacha kuniuliza. Sasa kila Zuwena anapofika mama hunyanyuka, anamwangalia mikononi, kisha anarudi kukaa.

Ernestina

*

Rumonge, 19 Julai 2024

Mwalimu,

Barua iliyopita nilikupa nusu. Nilijisifu moyoni kwamba nimekiri, nikalala vizuri usiku mmoja. Chukua nusu ya pili.

Kwanza, wale watu hawakunitisha. Nimekuwa nikisema walinishikia silaha, nimemwambia mke wangu hivyo, na kwa miaka mingi nimelisema mpaka nikaliona. Walikuja wawili, wakaagiza kwa adabu, na walileta rangi. Rangi nzuri ya mafuta, makopo mapya, nyekundu ambayo sikuwahi kuwa nayo. Mimi niliyekuwa nikichanganya rangi na petroli ili ifike mwisho wa ubao. Nilifurahi, Ernestina. Nilichora siku nne nikiimba. Lilikuwa bango zuri kuliko kazi zangu zote, kabla yake na baada yake, na nilijua hivyo nikiwa bado nalichora.

Pili, ndiyo, alikuja. Ilikuwa Alhamisi, mchana. Bango lilikuwa na siku mbili njia panda. Hakutaka kukaa. Aliniambia, "Rama, batu banasema niko nabaita na mimi mwenyewe siendi. Unitoe pale. Ao uniwekee ndevu tu, nisijulikane." Alikuwa anacheka, lakini mikono yake aliificha kwapani kama mtu mwenye baridi.

Ndevu. Ni kazi ya muda wa kunywa chai. Ngazi ilikuwa imeegemea ukuta. Nilimwambia rangi ya kahawia imeisha, aje Jumatatu.

Kopo la kahawia lilikuwa chini ya kiti nilichokalia. Sikutaka kuharibu bango langu kwa ndevu. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine, nimeitafuta miaka ishirini na minane.

Jumamosi walikuja kumchukua. Walimkuta kwenye kiti cha Mansuri, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Walimwambia sura yake inaita wenzake naye amekaa ananyolewa. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimeshika brashi. Hakupiga kelele, na nadhani ndiyo maana watu walimwambia mama kwamba alikwenda kwa hiari. Alipiga macho huku na huku, akaniona, akaniangalia. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayetaka kuuliza kama leo ni Jumatatu. Kisha wakaenda naye njia ya Gatete, na baada ya miezi mitatu ndipo mkapata habari kwamba amezikwa huko juu, mahali hapajulikani.

Sikuombi ruhusa tena. Mama akitaka bango nitalichoma mbele yake. Akitaka nije, nitakuja. Akitaka asinione maisha, nitaelewa zaidi.

Ramazani

*

Magara, 28 Julai 2024

Ramazani,

Amahoro. Ni mimi Kezia, mama ya Boaz. Ernestina iko anaandika vile ninasema, nimemukataza kunyoosha maneno yangu.

Nilisomewa barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilitoka inje. Mara ya pili nilisikiliza mupaka mwisho.

Mimi nilimukasirikia mutoto wangu miaka ishirini na nane. Niliomba Mungu asamehe Boaz, sikuomba amupokee. Unajua hiyo ni kitu gani kwa mama? Nilikuwa naona haya kwa jina lake. Na yeye alikuja kwako kutafuta ndevu.

Usichome bango. Ukichoma unapumzika wewe.

Nasema hivi. Toa bunduki. Pale iliko bunduki, rudisha kile kitambaa cheupe cha kinyozi, kile Mansuri alikuwa anafunga watu ku shingo. Kichwa, nusu uache na nywele, nusu unyoe, vile alitoka. Yale maneno mekundu uache yapande kama yanataka, yanayosema tunakungoja. Chini yake andika kwa mukono muzuri: HUYU ALIKUWA ANANYOLEWA. JINA LAKE NI BOAZ. HAKUKUBALI.

Kitu kingine. Ku kibao cha Mansuri uliandika jina lako pale ku kona. Ku duka ya miwani uliandika. Ku mulango ya boulangerie, pale banauza mikate, uliandika. Mimi nilikuwa napita pale kila siku, nilikuwa nasoma. Ku hiyo bango hukuandika. Unasema ilikuwa muzuri kupita yote, lakini jina hukuweka. Basi ulikuwa unajua. Sasa uweke.

Tutafanya kuganduka ya Boaz siku ya Jumamosi tarehe kumi na saba mwezi wa nane, hapa kwetu. Nimetuma watu Rumonge kuita bale bamama batatu. Wakiuliza iko mutu ana dai kwa marehemu, mimi sitasimama na Ernestina hatanisimamia. Usimame wewe, na bango iwe pale.

Murakoze.

Kezia

*

Magara, 20 Agosti 2024

Papa Ramazani,

Uliondoka kabla watu hawajala. Nilikutafuta nyuma ya nyumba, nikaambiwa umeshapanda nyuma ya baiskeli unarudi Rumonge, kilomita zote zile, bila hata maji. Kuna mambo yaliyotokea baada yako, na mengine ulipokuwa ungali umesimama, lakini hukuyaona kwa kuwa hukuinua kichwa.

Baba mkubwa alipouliza, na wewe ukasimama, ukasema habari ya rangi na ya kopo chini ya kiti, niliona mama yake Fabiano ameshika kitenge chake kwa mikono miwili. Sikujua atafanya nini. Uliposema "Nilimwambia aje Jumatatu" na sauti ikakukatika, nami nilisimama. Nilisema mbele ya watu nilichomwambia mwanawe siku ile ya muwa. Wewe ulikuwa unaangalia viatu vyako, sidhani hata ulinisikia. Hivyo tulikuwa wawili, na ulidhani uko peke yako.

Wewe ukaondoka, na huo ndio wakati mama yake Fabiano aliponyanyuka akaenda mpaka penye bango. Alisoma maneno ya mama taratibu, kwa kidole. Aligusa ile nusu yenye nywele. Alisoma na jina lako pale kwenye kona, kwa sauti, herufi kwa herufi. Kisha alikuja upande wangu, nikainamisha kichwa nikijua atanipiga kofi, na ningelipokea. Alivuta kiti chake karibu na changu, akakaa. Tulikaa hivyo mpaka vinywaji vikaletwa.

Baadaye ndipo aliponiuliza: "Uyu Ramazani iko anakumbuka sura ya batoto bote ba wakati ile?"

Nilimwambia sijui.

Picha zake ziliungua zote na nyumba mwaka ule. Anasema sura ya Fabiano inaanza kumpotea. Anakumbuka masikio, makubwa, na pengo la jino la mbele, lakini macho hayaji. Anaomba umchore. Anataka amekaa tu, hana kitu mkononi. Anasema anaweza kungoja, anajua una kazi za watu, ataleta maneno yake kwa Zuwena mwezi ujao au utakapopata nafasi.

Anita amelichukua bango, litaanza kuzungushwa shule za huku, Magara kwanza, kisha Muhuta. Nitakuwa darasani likifika. Nimejiandaa kwa maswali, ila sina hakika kama nimejiandaa vya kutosha.

Utataka kujua kuhusu mama. Hajasema kwamba amekusamehe, na sitakudanganya. Nilimuuliza Jumapili. Aliniambia, "Nimelala." Ni kweli, alilala mpaka jua likampata kitandani, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Leo asubuhi amemtaja Boaz kwa jina, akigombeza mjukuu wake kwamba anaosha miguu ovyo kama yeye.

Ernestina

*

Rumonge, 22 Agosti 2024

Mwalimu Ernestina,

Barua yako imefika leo, Alhamisi, na Zuwena anangoja mlangoni nimpe jibu aondoke nalo.

Samahani kwa chakula. Sikustahili kula, au niliogopa nitakula vizuri.

Fabiano namkumbuka. Macho yake yalikuwa madogo, yamesogea karibu na pua, na la kushoto lilitangulia kucheka kabla ya la kulia. Alikuwa akisimama mbele ya kibanda changu akinyonya muwa na kunitemea maganda mlangoni. Sina katoni yake, na sitakata. Huyu nitamchora kwa mkono, mama yake akiwa amekaa kando yangu anasahihisha.

Nimetoa kiti nje. Nimefungua kopo la kahawia, ni jipya, limejaa. Mwambie asingoje mwezi ujao. Mwambie asingoje hata Jumatatu.

Ramazani bin Amuri,
mchoraji wa Rumonge